Ukiacha pombe, panga jioni yako

Watu wakisikia nimeacha waragi, ile pombe kali ya Uganda, nikiwa na miaka 17, wananiuliza niliachaje. Kuacha nilisaidiwa na madaktari. Kazi ni kukaa bila kunywa hapa Busia, Uganda, ambako chupa ndogo ya waragi inakaa rafu moja na sabuni. Zile pakiti za plastiki zilipigwa marufuku mwaka 2019, na mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuuziwa pombe. Sijawahi kuulizwa umri dukani.

Kama unakunywa kila siku, usijifungie chumbani eti unaacha leo. Mikono ikitetemeka, jasho likakutoka na usingizi ukakimbia, hiyo ni arosto, na arosto ya pombe inaweza kukuangusha kifafa, hata kukuua. Nenda kituo cha afya, useme kiasi unachokunywa bila kupunguza. Hali ikiwa nzito utapewa rufaa. Hospitali ya Butabika, Kampala, wana kitengo cha kutibu uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Shangazi yangu alikuwa ameshaamua kwamba nimerogwa.

Baada ya hapo kila mtu atakwambia ubadilishe marafiki. Wangu hawakuwa na neno. Shida yangu ilikuwa saa 12 jioni. Nilikuwa nafanya kibarua cha kupakia mahindi kwenye malori, na tulilipwa taslimu, jioni, mbele ya kibanda cha malwa, pombe ya ulezi. Wazee wameuzunguka mtungi, mirija mirefu mdomoni, mama mwenye kibanda anaongeza maji ya moto, na ile harufu ya ulezi uliochacha inapanda. Mate yalikuwa yananijaa kabla sijawaza lolote.

Basi nikamwomba msimamizi awe ananitumia hela kwenye simu ya mama. Alicheka sana, lakini alikubali. Halafu nikawa nakula mapema. Usidharau hili: hamu nyingi ya jioni ni njaa tu, na rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai mawili, ikishashuka, unaweza kupita pale kibandani ukasalimia na kwenda zako.

Matanga ni hatari kuliko harusi, kwa sababu watu wanakesha na kukataa kinywaji cha msiba kunaonekana kiburi. Mimi huomba kazi ya kuteka maji. Mwenye jerikeni mikono yote miwili hapewi glasi. Wakikazania, sema tumbo limekataa, basi, usianze kuwahubiria.

Kwa wazazi nina ombi moja. Mama alikuwa ananinusa mlangoni, na kila akininusa nilitamani kurudi nilikotoka. Tukakubaliana aniulize mara moja tu, baada ya chakula cha usiku, nami niseme kweli, hata kama kweli yenyewe ni kwamba leo nimetamani. Nikisema hivyo, hanisomei risala. Anatoa karata, tunacheza hadi nisinzie, na anaiba waziwazi.