Kuvua besi mtoni wakati wa baridi: kwa nini chambo hakiguswi?

Swali: Majira ya joto napata besi wa mdomo mdogo (samaki aitwaye kwa Kiingereza smallmouth bass) karibu kila ninapokwenda mtoni na chambo bandia. Maji yakishuka chini ya nyuzi 8 za Selsiasi, sehemu zilezile hazinipi hata mmoja. Nimehamia kwenye kina kirefu nikiamini chini kuna joto, lakini wapi! Nakosea nini?

Jibu: Kina si kosa, kosa ni sababu iliyokupeleka huko. Ziwani, maji yenye nyuzi 4 ndiyo mazito kuliko yote, kwa hiyo wakati wa baridi kali hukaa chini huku yaliyo baridi zaidi yakibaki juu, karibu na barafu. Mtoni mkondo huyakoroga maji muda wote, na ukiteremsha kipimajoto hadi chini, aghalabu hutaona tofauti ya maana. Besi huingia kilindini kuukimbia mkondo. Joto la mwili wake hufuata la maji, na maji yakipoa, usagaji wa chakula na nguvu za misuli hupungua pamoja, hata asiweze kumudu maji ya kasi aliyokuwa akiwindia wakati wa joto.

Basi tafuta kilindi kilichotulia: nyuma ya jabali kubwa, upande wa chini wa mkondo kutoka ulimi wa changarawe uliojitokeza mtoni, au pale maji yanapojizungusha kandokando ya mkondo mkuu. Mimi hutupa jani kavu na kulitazama. Likienda kwa mwendo wa mtu anayetembea, nahama. Likisita na kuanza kuzunguka polepole, natua mzigo. Besi hukusanyika wengi mahali padogo msimu huu, kwa hiyo ukimpata mmoja usiondoke upesi.

Chambo nacho kipunguzwe mwendo, kuliko unavyodhani inatosha. Ndoana yenye kichwa cha madini ya risasi cha gramu 3.5 hadi 7, iliyofungwa manyoya au kuvishwa mpira laini, kwenye mshipi mwembamba, hunitosha karibu siku zote. Iache ifike chini, iinue kidogo tu, ishushe, kisha uhesabu hadi kumi kabla ya kuigusa tena. Usingojee mshtuo, kwa kuwa besi wa baridi hupokea chambo kama mtu aliyeamshwa usingizini: utahisi uzito tu, mfano wa jani bichi lililonasa. Kaza mshipi kila unapohisi uzito huo, hata kama mara nyingi litakuwa jani kweli.

Kuhusu saa, alasiri ya siku yenye jua, baada ya siku mbili tatu za hali ya hewa isiyobadilika, ni bora kuliko alfajiri. Theluji ikiyeyuka na mto ukajaa maji baridi yenye tope, mimi hubaki nyumbani.

Ukiingia majini au kwenye mtumbwi, vaa jaketi la kuokolea, kwa sababu maji ya namna hii hukata pumzi na kulegeza mikono kwa dakika chache tu. Hewa ikiwa chini ya sifuri, mfungue samaki ndoana akiwa bado majini, maana matamvua yake huweza kuganda akikaa nje. Pete za ufito wa kuvulia zikiziba kwa barafu, usiivunje kwa kucha. Zamisha ncha mtoni kwa muda mfupi, itayeyuka yenyewe.