Usitoe wapigaji watatu kwa ajili ya mrushaji mmoja

Ndugu yangu, umeeleza kwamba katika ligi yenu ya fantasi ya besiboli, yenye timu 12, ambamo kila mmoja huunda kikosi cha wachezaji halisi na kupata pointi kutokana na takwimu zao za mechi za kweli, wapigaji wako wanaongoza ilhali warushaji wako wamekwama mkiani, na kwamba unakusudia kutoa wapigaji watatu ili umpate mrushaji nyota Tarik Skubal peke yake. Nakusihi usifanye hivyo, maana njia hiyo nimeshaipita.

Msimu wa 2024 nilikijenga kikosi changu juu ya Spencer Strider, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameshinda mechi 20 na kuwatoa wapigaji 281 kwa kukosa mapigo matatu, idadi ambayo hakuna mrushaji mwingine aliyeifikia mwaka huo. Nyuma yake niliweka warushaji watatu wa kawaida tu. Strider alianza mechi mbili, kiwiko kikaumia, akafanyiwa upasuaji mwezi Aprili, na msimu wake ukaishia hapo. Shane Bieber na Eury Pérez nao walipatwa na msiba wa kiwiko mwezi huohuo, kwa hiyo kila mtu katika ligi alikuwa akigombania wachezaji huru walewale wachache, yaani wasio na timu katika ligi.

Nilichukua karatasi, nikaandika pengo langu na wenzangu katika kila kipengele, yaani kila takwimu inayohesabiwa, kama vile ushindi au besi zilizoibwa. Nilikuwa na Elly De La Cruz na Brice Turang, wote wezi wa besi, yaani wakimbiaji wanaofika besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe, na katika kipengele hicho nilimzidi wa pili kwa besi 31. Sasa, katika ligi ya timu 12 inayogawa pointi kwa nafasi, kuongoza kwa besi moja na kuongoza kwa besi 31 huleta pointi 12 zilezile. Hivyo besi 30 zilikuwa zimelala bila faida. Nikamtafuta mwenzangu wa kazini hapa Columbus aliyekuwa wa mwisho kwa besi katika ligi yetu lakini mwenye warushaji wa kutosha, nikamweleza waziwazi kwamba anachokosa ninacho na ninachokosa anacho: achukue Turang, anipe mrushaji Seth Lugo pamoja na mrushaji mmoja wa kuingia katikati ya mechi. Alikubali jioni ileile, kwa kuwa Lugo alikuwa na umri wa miaka 34 na wengi waliamini angechoka. Hakuchoka. Alimaliza na ushindi 16, wastani wa mikimbio 3.00 aliyoruhusu kwa kila duru tisa, na zaidi ya duru 200 za kurusha, na De La Cruz peke yake, kwa besi zake 67, alitosha kunibakiza kileleni.

Tangu hapo sianzi msimu bila warushaji wa kuanzisha saba, na nafasi mbili nawapa wale wa katikati ya mechi hata kama hawaokoi mechi, yaani hawaingii mwishoni kulinda ushindi, kwani duru zao chache huushusha wastani wa mikimbio wa timu nzima, na wastani mdogo ndio mzuri. Mrushaji wa kawaida anapokwenda kucheza Denver, kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi ambako mpira husafiri mbali, namweka benchi bila kusita.

Kwa hiyo, kabla hujatuma ombi la Skubal, tuandikie hapa pengo lako katika kila kipengele, na utaje timu mbili zinazoburuta mkia pale ambapo wewe una ziada. Mmoja kati ya wapigaji wako watatu huenda akatosha kukuletea warushaji wawili wa duru nyingi, na wengine wawili ukabaki nao.