Kabla ya kuvunja ukuta, jua majitaka yataenda wapi

Mama alikuja kutoka Kondoa akiwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa goti. Ndipo nilipotambua kwamba nyumba yangu ya Ilazo, hapa Dodoma, haina choo chini. Vyoo viwili, vyote ghorofani. Miaka sita tumepanda na kushuka bila kuliona hilo. Mama alikuwa anapanda vidato 14 kwa makalio, kimoja kimoja, saa nane za usiku, na hataki kumwamsha mtu. Usiku niliomkuta ameketi katikati ya ngazi, tochi mkononi, anapumzika, sikulala tena. Kulipokucha nikampigia fundi.

Chini ya ngazi tulikuwa na stoo: ndoo, baiskeli iliyokatika mnyororo, viatu visivyo na wenyewe. Fundi akapaangalia, akapima kwa hatua, akasema, "Mama, hapa siku nne unakabidhiwa ufunguo." Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Siku ya pili alikuwa ameanza kutindua jamvi la zege la sakafu. Siku ya tatu lori likamwaga mchanga na kokoto mbele ya geti, na lundo la mchanga katika mitaa yetu ni mbiu ya mgambo. Kabla ya adhuhuri mtendaji wa mtaa alikuwa mlangoni.

"Habari za ujenzi, mama? Naomba nione kibali."

Nikamwambia ni kichoo tu, tena cha ndani.

"Hata kichoo kina shimo, mama. Shimo lake liko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamgeukia fundi, naye akawa anaangalia ndara zake.

Kazi ikasimama wiki tano. Nilinuna, sifichi. Lakini swali la yule mtendaji ndilo lililoniokoa, na ndilo ninalomuuliza kila anayeniambia anataka kuongeza choo kwake.

Mkaguzi wa majengo alinieleza hivi. Kupaka rangi, kubadili vigae, kung'oa sinki bovu la choo na kuweka jipya palepale, hayo ni matengenezo, fanya. Ukitenga chumba ambacho hakikuwepo, ukikata ukuta, ukipitisha bomba jipya la majitaka au ukichimba karo, yaani tangi la majitaka la chini ya ardhi, hapo umebadilisha mchoro ulioidhinishwa, kwa hiyo uombe kibali. Ujenzi mjini unasimamiwa chini ya Sheria ya Mipangomiji ya 2007. Choo chenyewe kinagusa pia Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, ndiyo maana bwana afya naye alikuja kwa zamu yake, na maswali yake yalikuwa mengine kabisa.

Nilitakiwa kupeleka hati ya kiwanja, risiti za kodi ya ardhi, mchoro wa zamani wenye mhuri, na mchoro mpya unaoonyesha choo, njia ya bomba na mahali pa karo. Kwa kuwa nyumba ni ya ghorofa, na mhandisi aliyesajiliwa aseme neno. Mchoro wa zamani ndio ulionitoa jasho. Niliinunua nyumba hii kwa mtu, akanipa hati na funguo, mchoro sikuuliza. Majengo mengi ya Dodoma yaliidhinishwa enzi za CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoanzishwa 1973 na kuvunjwa Mei 2017, kazi zake zikahamia halmashauri. Ukinunua nyumba ya umri huo, dai mchoro kabla hujamalizia malipo. Muuzaji akishapata hela yake yote, simu haipokelewi. Na ada ya kibali ilipie kwa namba ya malipo ya serikali, ipite benki au kwenye simu, ubaki na risiti. Usimpe mtu fedha mkononi, hata awe mpole namna gani.

Mhandisi alikaa dakika 20 tu. Fundi alitaka kutoboa dirisha kwenye ukuta wa pembeni, na mstari wa chaki alikwishauchora. Mhandisi akaugonga ule ukuta, akapanda juu, akashuka. "Hapa ndipo ngazi imelala," akasema. Dirisha lile lingekula sehemu inayobeba boriti ya ngazi. Sitaki hata kufikiria.

Sasa tuje kwenye mteremko, maana wengi tunadhani choo ni sinki na mlango. Choo ni mteremko. Bomba la inchi 4 linataka kushuka kama sentimita 2.5 kwa kila mita moja, yaani 1 kwa 40. Ukibanwa sana unaweza kwenda hadi 1 kwa 60, ukililaza zaidi ya hapo unatafuta kuziba. Karo letu liko nyuma ya nyumba, mita 11 kutoka chini ya ngazi. Piga hesabu: kwa 1 kwa 40 tunahitaji kushuka sentimita 27 na nusu. Tukachukua mpira wa maji, ule mwembamba unaoona maji ndani, tukalinganisha sakafu na tundu la kuingilia karoni. Tulikuwa na sentimita 12. Hata 1 kwa 60 haitoshi. Vyoo vya juu havikuwahi kusumbua kwa sababu vinateremka kutoka ghorofani. Cha chini hakina pa kuteremkia.

Fundi akaja na dawa: tuinue sakafu ya choo kwa tofali mbili. Yaani nimjengee mama choo cha kumwepusha na ngazi, halafu nimwekee kidato mlangoni.

Mwisho wake tulichimba karo dogo la pili upande wa maegesho, mita 5 tu kutoka chooni, na hapo sentimita 12 na nusu zinatosha kwa mteremko kamili. Kama mtaa wako umepitiwa na bomba la majitaka la DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, waulize wao kwanza, na usimruhusu fundi akuunganishie kimyakimya usiku. Kwetu bomba halijafika, kwa hiyo ni karo lenye vyumba viwili, kisha shimo la kunyonya, ambalo maji yake hunywewa na ardhi. Mambo mawili hapa nisingeyajua peke yangu. Jirani ana kisima cha kuchimba, na bwana afya alisimamia mita 30 kati ya kisima na shimo la kunyonya, akapima kwa futi kamba mwenyewe. Shimo likasogezwa hadi kona ya magharibi. La pili ni udongo: alituambia tuchimbe kishimo, tumwage ndoo za maji, tuangalie maji yanachukua muda gani kuisha. Sehemu za Dodoma zenye udongo mweusi wa mbuga maji hukaa kama kwenye sufuria. Wetu ni mwekundu, ulikunywa. Kwa bahati nzuri, karo jipya lipo karibu na geti, gari la kunyonya halitahitaji kupitisha mpira sebuleni.

Usifukie bomba kabla halijapimwa. Tuliziba mwisho, tukajaza maji, tukaweka alama ya penseli pale maji yalipofika, tukalala. Asubuhi maji yalikuwa vidole vitatu chini ya alama. Kiungo kimoja hakikuwekwa gundi vizuri, na kilikuwa mahali ambapo jamvi lingemwagwa saa tatu baadaye.

Kwa kuwa dirisha lilishindikana, hewa inatoka kwa feni ndogo yenye bomba lake kwenda nje. Hiyo ni tofauti na bomba la hewa la majitaka, ambalo lazima lipande hadi juu ya paa na kufungwa wavu wa mbu. Usimkubalie fundi anayesema halina kazi. Bila hilo, maji yakishuka kwa nguvu yanaweza kuyavuta yale maji machache yanayobaki kwenye kona ya sinki, na yakishaondoka hakuna kinachoizuia harufu ya karo isikae na wageni wako.

Mlango unafunguka kwa nje. Mzee akianguka ndani ya chumba kidogo, mlango wa kusukuma ndani utamgandamiza na hutaingia. Upana wake sentimita 80, hauelekei jikoni, na kizingiti hakuna. Ukutani fundi aliweka kipande cha bomba la chuma cha kushikilia, akakifunga kwa bolti ndefu. Skrubu za kawaida kwenye plasta haziwezi kubeba mtu. Sehemu ndefu ya dari tuliiacha ya kusimama, ile iliyoinama ikawa juu ya sinki, kwa sababu mtu akiketi hahitaji kimo.

Mama alikuwa na sharti moja: asielekee kibla wala asikipe mgongo. Kutoka Dodoma kibla ni kaskazini, kimeegemea mashariki kidogo, kwa hiyo sinki lilikaa mashariki na magharibi. Mwambie fundi hilo kabla hajatindua, si baada. Pia weka shatafu, na chini yake bomba la kujazia ndoo. Siku ya mgao tanki la juu likikauka, ndoo ndiyo choo.

Ile X nyekundu ya rangi ukutani, ya nyumba inayotakiwa kubomolewa, haikuwahi kuchorwa, ingawa majirani walikuwa wameanza kuisubiri. Mama sasa anaamka usiku bila tochi. Malalamiko yake ni moja tu: wajukuu wameviacha vyoo vya juu, na kila alfajiri akitaka kutawadha anakuta foleni.