Maswali yenu: mgeni anayelala chumba cha chini

Haiperoni ni kitu gani? (Msomaji, Morogoro)

Ni ndugu mzito wa nyutroni na protoni, chembe zinazounda kiini cha atomu. Hizo mbili zimeundwa kwa chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki, tena kwaki nyepesi. Haiperoni ina walau kwaki moja nzito zaidi, iitwayo strenji. Haiperoni nyepesi kuliko zote, lambda, inaizidi nyutroni uzito kwa karibu asilimia 19.

Ikiingia ndani ya kiini cha atomu, inakaa wapi? (Msomaji, Mombasa)

Swali hili nimelipenda sana. Chukulia kiini kuwa nyumba ya ghorofa. Kanuni ya Pauli inakataza nyutroni mbili kuwa katika hali ileile, kwa hiyo vyumba vya chini vikijaa, zinazofuata hupanda juu. Lambda haiguswi na marufuku hiyo, maana si nyutroni wala protoni. Inashuka hadi chini kabisa, katikati ya wenyeji.

Wa kwanza kuona kiini cha namna hiyo walikuwa Marian Danysz na Jerzy Pniewski, mjini Warsaw, mwaka 1952. Walikuwa wakikagua kwa hadubini emulsheni ya picha, yaani utando unaoonyesha njia za chembe, iliyorushwa juu kwa puto ili ipigwe na miale ya anga. Wakaona kiini kimepasuka, michirizi imetawanyika kila upande. Mchirizi mmoja mnene ukaenda kidogo, ukakoma, na pale ulipokoma pakatokea mpasuko wa pili. Kipande kile kilikuwa kimebeba lambda, nayo ikafa.

Kama inakufa upesi hivyo, itadumuje ndani ya nyota ya nyutroni? (Msomaji, Kisumu)

Ikiwa peke yake haimalizi hata nusu ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ndani ya nyota ya nyutroni, yaani masalio yaliyosongamana mno ya nyota kubwa iliyokufa, nyutroni na protoni ambazo ingezizaa hazipati chumba, vyote vimejaa. Basi inabaki hai.

Na hapo ndipo shida inapoanza. Msongamano ukifika kama mara mbili au tatu ya ule wa kiini, nyutroni za ghorofa za juu zinaona nafuu kugeuka lambda na kushuka chini. Msukumo unaoizuia nyota isiporomoke unapungua. Hesabu nyingi za namna hiyo hazikuruhusu nyota kufikia uzito wa majua mawili, lakini mwaka 2010 nyota ya nyutroni iitwayo PSR J1614-2230 ilipimwa ikakutwa karibu na hapo. Mimi naegemea upande wa wanaosema lambda ikibanwa na nyutroni au protoni mbili kwa pamoja husukumana nazo kwa nguvu, hivyo huchelewa kutokea.