Jibu: Je, boa (aina ya nyoka) wa kufugwa huuma?

Ndugu wa Ilemela, umeuliza kama boa wa mita moja na nusu ni hatari kwenye nyumba yenye watoto. Hana sumu, na akizoea kushikwa huwa mtulivu. Ila huuma, na mara nyingi si kwa hasira bali kwa kukosea: mkono unanuka panya, naye anadhani chakula kimefika. Nawa kwa sabuni, kisha mguse taratibu kwa fimbo kabla ya kumshika, ajue si mlo. Panya mpe kwa koleo ndefu. Akishakula usimshike kwa saa 48, anaweza kutapika. Macho yakiwa na ukungu anakaribia kujivua gamba na haoni vizuri, mwache.

Aking'ang'ania, usivute! Meno yake yamepinda kuelekea nyuma, utachana nyama na kumvunja meno. Mmwagie maji baridi mdomoni, ataachia. Osha kidonda, nenda zahanati uulize sindano ya pepopunda.

Watoto wasimshike bila mtu mzima, na asiwekwe shingoni kamwe. Tafadhali, usimchukue chatu wa vichaka vya kando ya ziwa badala yake: huyo anaweza kupita mita 4, ni mkali zaidi, na kumkamata bila kibali ni kosa la jinai.