Sikio likizima ghafla, msisubiri matone yaishe

Dada, pole sana, na shemeji mpe pole zangu. Umeandika kwamba aliamka Jumapili sikio la kushoto halisikii, halimuumi, linavuma tu, na duka la dawa wamempa matone ya kulainisha nta atumie wiki nzima. Leo ni Jumatano. Nakuomba msiimalize hiyo wiki. Mimi niliimaliza.

Yangu ilianza mwaka 2019, nikifundisha Morogoro. Simu iliita alfajiri, nikaiweka sikio la kushoto kama nilivyozoea, kimya. Nikajua ni mtandao. Ikaita tena, kimya. Nilipoihamishia kulia nikamkuta mdogo wangu anapiga kelele "haloo, haloo", kumbe alikuwa anaongea muda wote. Sikuwa na usaha, wala mafua, wala homa. Sikio lilijaa kama la mtu aliyetoka kuogelea, na ndani mlikuwa na mlio kama wa friji kuukuu, haukatiki usiku wala mchana.

Nikapewa matone kama ya shemeji. Jirani akaleta mafuta ya kitunguu saumu, nayo nikatia. Siku ya sita, zahanati wakanipiga bomba la maji sikioni. Maji yakatoka meupe vilevile yalivyoingia, nikaambiwa litazibuka lenyewe. Siku ya tisa, kizunguzungu kiliponiangusha bafuni, ndipo nikapanda basi kwenda Dar.

Daktari wa masikio, pua na koo alitoa kichuma chenye umbo la uma, akakigonga gotini kwake kikalia, akakisimamisha katikati ya paji la uso wangu. "Unasikia upande gani?" Nikasema kulia, kwenye sikio zima. Uso wake ukabadilika. Alinieleza kwamba njia ya sikio ikizibwa na nta, mlio ule huenda upande ulioziba. Ukienda upande mzima, shida iko sikio la ndani au kwenye mshipa wa fahamu, na huko matone hayafiki. Hata hapo nyumbani shemeji anaweza kufunga mdomo na kuvuma "mmmm" aone sauti inaelemea wapi. Isiwe sababu ya kutokwenda hospitali, hata ikielemea upande mbovu.

Kipimo cha usikivu kilionyesha kushoto nimeshuka hadi desibeli 70, yaani sauti hafifu kuliko hapo sikuisikia; namba ikiwa kubwa, usikivu ni mbovu zaidi. Kwa madaktari, kushuka desibeli 30 au zaidi kwenye masafa (ngazi za sauti, kutoka nzito hadi nyembamba) matatu yanayofuatana, ndani ya saa 72, ni dharura. Wagonjwa wengi chanzo chao hakipatikani kabisa, changu pia hakikupatikana. Nilipigwa picha ya ndani ya kichwa, MRI, baadaye kuhakikisha hakuna uvimbe kwenye mshipa wa kusikia, maana wachache huanza hivyo. Shemeji naye mkumbushe aulizie.

Dawa niliyopewa ni prednisoloni, ya jamii ya steroidi, vidonge 12 vya miligramu 5 kila asubuhi baada ya kula, kisha vikapunguzwa kidogo kidogo. Tafadhali usimnunulie dukani kwa kufuata hesabu yangu. Dawa hii hupandisha sukari na presha na hutibua vidonda vya tumbo, kwa hiyo daktari lazima amjue mgonjwa wake kwanza. Mimi ilininyima usingizi, nikawa nakula saa nane za usiku. Faida yake ni kubwa ikianza ndani ya wiki mbili za mwanzo, na kadiri inavyowahi ndivyo bora. Wapo wanaopona bila dawa yoyote, ni kweli, lakini hakuna anayeweza kukuambia mapema kama shemeji ni mmoja wao.

Vidonge viliponisogeza kidogo tu, nikachomwa deksamethasoni, steroidi nyingine, kupitia ngoma ya sikio, sindano nne kwa wiki mbili. Neno lenyewe linatisha. Wanatia ganzi kwanza, unalala ubavu, unasikia ubaridi na kizunguzungu cha dakika chache, halafu unabaki umelala hivyohivyo kama nusu saa bila kumeza mate. Mwenye kisukari mara nyingi huanzia hapo moja kwa moja, kwa sababu dawa inayoingia mwilini ni ndogo. Kwenye nchi zenye chumba cha oksijeni ya mgandamizo, ambamo mgonjwa hukaa akiivuta, huiongeza juu ya steroidi. Dawa za virusi, mwongozo wa madaktari wa Marekani wa 2019 unashauri zisitolewe kwa tatizo hili, kwa hiyo usilipie.

Nilirudi hadi desibeli 45. Simu naisikia kushoto kama mtu anayeongea nyuma ya mlango. Darasani nasimama pembeni ili wanafunzi wote wabaki kulia kwangu, na barabarani sijui bodaboda inatokea upande gani mpaka niione, hivyo mke wangu hutembea kushoto kwangu siku zote. Mlio umepungua, haujaisha. Zile siku tisa bado zinaniuma.

Kesho asubuhi mpeleke hospitali yenye daktari wa masikio, Muhimbili ya Dar au KCMC ya Moshi au ya rufaa iliyo karibu nanyi. Dirishani mseme "sikio limepoteza usikivu ghafla tangu Jumapili", msiseme "limeziba", mtapangwa foleni ya nta. Na akitokea wa kumwambia ni nta, aombe aonyeshwe hiyo nta.