Wananiuliza Muda, Nami Nawauliza Goti

Kilomita ya 17, mashindano ya kutembea kwa kasi ya kilomita 20. Nilikuwa ng'ambo, kwenye mzunguko wa kilomita moja ambao tayari nilikuwa naujua kila ufa wake, na nilikuwa wa tano. Mbele yangu wasichana wawili walikuwa wamelegea, nawaona wanarudi kwangu polepole kama ndoo inayovutwa kisimani. Nikaanza kupiga hesabu ya medali. Hapo mzee mmoja mwenye kofia akaingia barabarani na kuninyanyulia kibao chekundu, kile cha kumtoa mtu mashindanoni. Nilipiga hatua kama kumi zaidi nikidhani ni cha mtu aliye nyuma yangu, mpaka akataja nambari yangu. Ikawa ni kuvua nambari kifuani, kutoka barabarani na kuketi ukingoni. Mjadala haupo.

Nayaeleza haya kwa sababu hakupiti wiki bila kijana kuniandikia: "Kocha, nikishuka mpaka muda gani ndio nitachukuliwa timu?" Wanauliza muda tu. Sijapata hata mmoja aliyeniuliza kuhusu goti lake. Siwalaumu, kwa maana hata mimi nilikuwa hivyo hivyo, na ndiyo maana nilikuwa nimekaa ukingoni nikifungua kamba za viatu huku wenzangu wakimalizia kilomita tatu zilizobaki.

Sheria za kutembea kwa kasi ni mbili tu. Ya kwanza, usionekane miguu yote miwili ikiwa hewani. Ya pili, mguu unaotangulia uwe umenyooka gotini tangu unapogusa ardhi mpaka mwili ufike wima juu yake. Wengi wanazijua, lakini wanaruka neno moja: usionekane. Anayekuona ni mtu kwa macho yake, wala si kamera. Ukiwapiga picha watembeaji bora duniani na kuzirudisha polepole, utaona wengi wao wanaelea kidogo. Mwamuzi aliyesimama kando ya barabara haoni hilo, kwa hiyo si kosa. Ila akiliona kwako, ni kosa, hata ujitetee kwa video kumi.

Akikutilia shaka anakuonyesha kibao cha njano. Chenye alama ya wimbi ni cha kuelea, chenye alama ya pembe ni cha goti. Hilo ni onyo. Kadi nyekundu huiandika kimya kimya, wewe unaikuta kwenye ubao ukipita. Kila mwamuzi ana kadi moja tu juu yako. Zikifika tatu kutoka kwa waamuzi watatu, umekwisha. Siku hizi mashindano mengi yana eneo la adhabu: kwenye kilomita 20, kadi ya tatu inakusimamisha dakika 2, kisha unarudi barabarani, na ya nne ndiyo inakutoa. Wakati wangu huruma hiyo haikuwepo. Nilikuwa na kadi mbili ubaoni tangu kilomita ya 12 na nikaziona. Nikaamua kuongeza mwendo. Mpaka leo sijui nilifikiria nini.

Kwenye Olimpiki za Sydney mwaka 2000, Jane Saville wa Australia alikuwa anaongoza, yuko nchini kwao, lango la uwanja liko mbele yake na umati unamngoja ndani. Alitolewa pale pale langoni. Michezo hiyo hiyo, Bernardo Segura wa Mexico alivuka mstari wa kilomita 20 akiwa wa kwanza, akaanza kusherehekea, ndipo akaja kuambiwa kuwa alishatolewa. Mimi wa nafasi ya tano nilikuwa nani hata nilie peke yangu?

Nyumbani sikuwahi kutolewa. Mashindano madogo niliyokulia yalikuwa na waamuzi watatu au wanne, wengine wamejibanza kivulini wakipiga soga, na mimi nikauchukua ukimya wao kuwa sifa. Aliyenifundisha wakati ule alikuwa na saa mkononi na penseli sikioni. Aliandika muda wangu kwa uaminifu mkubwa, na hakuinama hata siku moja kutazama mguu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kuufanya mchezo huu kuwa kazi: tafuta mtu wa kukutazama kabla ya kutafuta mtu wa kukupimia saa. Kama huna mtu, tafuta tofali.

Niliporudi Nairobi niliegemeza simu kwenye nusu ya tofali, kwenye kipande cha lami tambarare huko Kahawa West, usawa wa goti, nikapita mbele yake nikienda na kurudi. Nyumbani nikairudisha picha polepole. Mguu wa kulia ulikuwa sawa. Wa kushoto ulikuwa unatua ukiwa umekunjika kidogo, kama wa mtu anayeshuka ngazi gizani asijue kama ngazi zimeisha. Nikapita tena kesho yake, na kesho kutwa. Ni ule ule. Nikirekodi kilomita ya kwanza mkunjo haukuonekana kabisa. Nikirekodi ya nane, huo hapo. Ndipo nikaelewa kuwa kwa miaka minne nilikuwa najizoesha kukosea nikiwa nimechoka.

Chanzo kilikuwa cha kijinga. Nilikuwa nafanyia mazoezi pembeni mwa Thika Road, upande mmoja kila siku, na ukingo wa barabara umeinama ili maji ya mvua yatiririke. Mguu mmoja ulikuwa unakaa juu, mwingine chini, kilomita kwa kilomita, mpaka nyonga ya kushoto ikakaza. Nikabadilisha: nikienda upande huu leo, kesho narudi na ule. Nikaacha kabisa mwendo mkali kwa miezi kadhaa. Nilitembea polepole hivi kwamba kina mama wa sokoni walinipita na magunia yao, nikisikiliza kisigino kikitua na goti likifunga. Misuli ya mbele ya muundi iliwaka moto kila jioni. Ile ndiyo inayoinua kidole cha mguu, na kwa mtembeaji inachoka kabla ya mapafu. Tembea kwa visigino chumbani, kutoka mlangoni hadi dirishani, mpaka uchoke. Haina gharama yoyote. Na kanuni niliyojiwekea, ambayo sasa nawawekea wengine: goti likianza kukunjika, mazoezi yameisha, hata kama zimebaki kilomita nne kwenye ratiba. Hizo nne ni za kujifunza makosa.

Mtu akikwambia mchezo huu ni wa walioshindwa kukimbia, mwambie apige hesabu. Kilomita 20 kwa saa 1 na dakika 20 ni dakika 4 kwa kila kilomita, kwa mguu ulionyooka. Samuel Gathimba alitembea kwa saa 1, dakika 18 na sekunde 23 hapa hapa Nairobi mwaka 2021, hewa yetu nyembamba na yote, ikawa rekodi ya Afrika. Mwaka uliofuata akamaliza wa nne kwenye mashindano ya dunia kule Oregon, Marekani. Mwaka huo wa 2021, Kasarani, Heristone Wanyonyi alichukua dhahabu ya dunia ya mita 10,000 kwa walio chini ya miaka 20. Grace Wanjiru alileta shaba ya Jumuiya ya Madola kutoka Delhi mwaka 2010, na Emily Ngii akaleta yake kutoka Birmingham mwaka 2022. Majina haya ungeyasikia kila siku kama yangekuwa ya wakimbiaji.

Watu watakucheka, hilo jua. Makanga wa Githurai walinizoea hadi wakawa wananiita: "Mathe, panda, choo kiko mbali!" Mama mboga wa kwetu Zimmerman alimuuliza dada yangu kwa upole kama nyonga zangu zina shida ya kuzaliwa. Nami nikafanya kosa la kujificha, nikawa natoka saa kumi na nusu alfajiri ili nisionekane. Achilia mbali hatari ya giza kwa msichana aliye peke yake. Gizani hakuna aliyeona goti langu, hata mimi mwenyewe. Toka mchana. Ukishindwa kuvumilia kucheka kwa makanga mmoja, utafanyaje mbele ya waamuzi wanane wanaokukodolea macho kwa saa nzima na nusu?

Sasa pesa, maana nikinyamaza mtaniuliza. Mkimbiaji wa Kenya akikosa timu ya taifa anatafuta marathoni ya mji fulani Ulaya, akirudi ana pesa ya shamba. Mtembeaji hana mlango huo. Mbio za barabarani zenye zawadi kwa watembeaji ni za kuhesabu. Kwenye mashindano ya dunia malipo ni sawa na ya wengine, Oregon dhahabu ililipwa dola 70,000 na nafasi ya nane dola 5,000, lakini lazima kwanza ufike. Ndiyo maana wengi wetu tunategemea timu za polisi, magereza au jeshi: una mshahara, una kitanda, una muda wa mazoezi. Jionyeshe kwenye mashindano wanayoyatazama, na uende ukiwa na cheti chako cha kidato cha nne. Usimpe mtu pesa. Mimi nilimtumia jamaa mmoja shilingi 30,000 aliyesema ana jina langu kwenye orodha. Orodha ilikuwepo kweli, ila jina langu halikuwemo, na simu yake haikupatikana tena. Nilikuja kuajiriwa baadaye kwa sababu afisa mmoja wa michezo alinitazama raundi sita bila kusema neno, kisha akauliza tu, "Wewe kadi huwa unapata ngapi?" Siku hiyo nilikuwa sina hata moja. Hakuniuliza muda.

Ukianza kufanya vizuri, macho yanaongezeka. Wapimaji wa dawa za kusisimua misuli watataka kujua unalala wapi, na kila siku utaje dakika 60 ambazo wakija watakukuta. Ukikosea mara tatu ndani ya miezi 12, huo ni ukiukaji, hata kama hujameza kitu. Weka kengele kwenye simu. Ukisafiri kwenda mazishini nyumbani, badilisha mahali ulipowatajia kabla hujapanda gari. Na mafua ya Julai yasikupeleke dukani kuomba "chochote kikali". Baadhi ya dawa za mafua zina pseudoefedrini, na ukikutwa nayo kwa wingi siku ya mashindano umejimaliza. Mwambie muuza dawa wewe ni mwanamichezo, na uangalie orodha ya dawa zilizokatazwa hata kama amekuhakikishia.

Umbali nao hubadilika, usiuoe. Kulikuwa na watu waliojenga maisha yao juu ya kilomita 50. Baada ya Olimpiki za Tokyo ikaondolewa, ikaja 35 kwenye mashindano ya dunia, Paris 2024 kukawa na mbio za kupokezana za mwanamume na mwanamke, na kuanzia 2026 World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, imegeukia nusu marathoni na marathoni nzima. Waliojua kutembea walihama. Waliojua kilomita 50 tu walistaafu.

Siku hizi nina vijana saba. Nimechukua mfuniko wa ndoo ya rangi, nikaupaka njano, upande mmoja nikachora wimbi, upande wa pili pembe, na nikaufunga kipande cha mpini wa ufagio. Mmoja wao, mwenye miguu mirefu na haraka nyingi, alikasirika siku ya kwanza nilipomwonyesha pembe. Alisimama katikati ya barabara, mikono kiunoni. "Kocha, hii ni mazoezi tu. Unanionyesha ya nini na hata sijachoka?" Kwa wiki mbili alikuwa akinikaribia anajirekebisha, anapita vizuri kama mtoto anayepita mbele ya mwalimu mkuu, kisha akishanipita anarudia yake.

Jumamosi iliyopita nilikuwa natafuta mahali pa kusimama, karibu na ule mti wa mjakaranda wanapoanzia. Akaja akiwa bado anajifunga viatu, vile vya soli nyembamba alivyopata Gikomba.

"Kocha," akasema, "leo usisimame hapa. Nenda kule juu, baada ya tuta la pili. Kule ndiko huwa nalegea."